Mzee Boksi na Orodha Yangu ya Kukataa

Siku moja, saa tano asubuhi, mtu aliingia mapokezi kwetu, akavua kofia, akaniuliza kwa adabu kabisa kama kwenye rekodi zetu yeye ameshakufa.

Nilikuwa namtazama usoni. Na mwenye uso ule, mimi kwa mkono wangu nilimwandikia kadi ya rambirambi wiki mbili nyuma.

Hii si stori ya kuambiwa, jamani. Nilikuwepo. Na ningeweza kurudisha siku nyuma, ningeomba nisiwepo.

Mimi nakaa mapokezi. Ofisini wananiita Redio, na sijawahi kulikasirikia jina hilo, maana redio ikikaa kimya ujue imeharibika. Nani kagombana na nani, nani anatafuta kazi kwingine, yote yalikuwa yanapita kwangu kabla hayajawafikia wenyewe. Napenda watu. Nyumbani kwangu wageni hawakatiki, sufuria yangu ndogo kabisa inapikia watu kumi.

Kampuni yetu inatunza makaratasi ya watu. Hospitali, mahakama, shule, wote wanatuletea mafaili ya zamani, tunayafunga kwenye maboksi, tunayapeleka ghalani nje ya mji. Faili likihitajika unajaza fomu kwenye kompyuta, fomu inajichapa yenyewe kwenye printa ya kule ghalani, kesho yake lori linaleta boksi.

Kule ghalani alikuwepo mtu mmoja tu. Tulimwita Mzee Boksi. Miaka ishirini na miwili anaishi na makaratasi.

Kulikuwa na mashine ya kufyonza unyevu, chini yake ndoo. Ndoo ile inajaa kila baada ya saa sita. Isipomwagwa mashine inazima, na ikizima siku mbili ukungu unaanza kula mafaili ya watu. Kwa hiyo sheria ya ghala ilikuwa moja: hutoki mpaka aje mwingine umkabidhi funguo.

Mzee Boksi alikuwa mtu wa kuandika. Kila asubuhi barua pepe ndefu kwa ofisi nzima. Ndoo imejaa kiasi gani, panya wamenaswa wangapi, paa linavuja wapi. Mwishoni lazima aulize, "Na huko mjini mmeamkaje?"

Hatukuwa tunajibu. Nani amjibu mtu habari za panya?

Anwani yake haikuwa hata ya kampuni. Alijifungulia mwenyewe ile ya bure, herufi tatu na namba nane. Ukiiona hujui ni ya binadamu au ya mita ya maji.

Sasa tuje kwenye kilichotuponza.

Zamani barua taka zilikuwa zinachujwa kwa pamoja. Chujio moja la ofisi nzima, na mwenye chujio ni Fundi, kijana wa kompyuta. Watu walilalamika mpaka wakachoka. Barua za maana zinamezwa, matangazo ya dawa za kuotesha nywele yanapita. Bosi wetu ana kipara, alikuwa anayapata matano kwa siku, akawa anatutazama mmoja mmoja akitafuta nani anamtania.

Mwisho akasema basi. Kila mtu apewe chujio lake, ajichujie mwenyewe.

Jumatatu Fundi akatukusanya ukumbini, watu thelathini na mmoja, kompyuta yangu akaiunganisha ukutani wote waone.

"Mna vitufe vitatu," akasema. "Ruhusu, Weka Pembeni, Kataa. Ukiweka pembeni utaikuta kwenye kapu la taka. Ukikataa, anwani ile inaingia kwenye orodha yako ya kukataa, barua zake huzioni kabisa wala hujui kama zilikuja. Na aliyeituma hatajua. Kwake itaonyesha imefika."

"Ukali huo," Mhasibu akasema, "laiti ningekuwa nao kwa shemeji yangu."

Tukacheka.

"Mtambo wangu unazihifadhi siku tisini, baada ya hapo zinafutika. Kwa hiyo Kataa si ya kuchezea. Haya Redio, chagua barua yoyote hapo juu tufanye mfano."

Ya juu kabisa ilikuwa ya Mzee Boksi. Ameituma kwa Bosi, kwa karani wa utumishi, na kwangu. Kichwa chake: Ombi la ruhusa, siku tatu.

Nilikuwa nimeisoma asubuhi ile. Mkewe yuko hospitali ya mji wa mbali, anafanyiwa upasuaji Alhamisi. Amesema haingii chumba cha upasuaji mpaka amwone mumewe. Mzee anaomba apelekewe mtu wa kushika funguo siku tatu tu.

Nilijua. Naandika hapa msije mkasema nilikuwa sijui.

Lakini ukumbi umejaa, wote wananitazama, na mimi nikiona watu wengi natafuta pa kuwachekeshea.

"Huyu huyu," nikasema. "Leo tupumzike na panya."

Nikabonyeza Kataa. Barua ikatoweka ukutani. Ukumbi ukacheka, na Bosi pia.

"Mfano umeisha, mtoe," Fundi akaniambia.

"Namtoa."

Mlango ukafunguliwa, Mama Chai akaingia na keki, mmoja wetu alikuwa anatimiza miaka arobaini. Tukaanza kuimba.

Sikumtoa.

Wiki ile nililipenda chujio langu kupita kiasi. Nilikaa nakataa watu kama mlinzi wa ukumbi wa harusi. Kufika Ijumaa orodha yangu ilikuwa na anwani mia moja na arobaini, na sanduku langu safi kama kioo.

Wenzangu wakaona kero kuanza kukataa anwani moja moja. "Redio, tupe orodha yako tubandike."

Fundi alisikia, akatuonya. "Chujio ni kama mswaki. Kila mtu na lake."

Tulimwona ana wivu, tumemnyang'anya kazi. Nikaitupa orodha nzima kwenye kundi la ofisi. Kabla ya saa ya chakula wote walikuwa wameibandika, Bosi na karani wa utumishi wakiwemo. Hakuna aliyesoma. Nani anasoma mistari mia na arobaini ya herufi na namba?

Na ile barua ya ruhusa ya mara ya kwanza, pamoja na vikumbusho vilivyofika kabla ya Ijumaa ile? Bosi alidhani karani ameijibu. Karani alidhani Bosi ameijibu. Mimi nilidhani wote wawili wameijibu.

Wiki iliyofuata simu ya mapokezi ikalia. Laini mbovu, inakwaruza.

"Mwanangu, ni mimi wa ghalani. Naulizia ile ruhusa."

"Shikamoo Mzee. Maombi siku hizi ni kwa maandishi tu. Andika barua pepe."

"Marahaba. Nimeandika. Nimeandika sana."

"Basi vuta subira, itajibiwa."

"Haya mwanangu. Nakutegemea."

Nikakata simu, nikaendelea na stori niliyokuwa napiga na Mama Chai. Hata leo siikumbuki ilikuwa stori gani.

Wiki ya tatu, dereva wa lori akaja na maboksi, akaegemea kaunta yangu.

"Kule ghalani kuna msiba," akasema. "Nimeona turubai na viti, watu wamejaa."

Nikasimama. "Msiba wa nani?"

"Sikushuka. Nimekuta maboksi yamepangwa mlangoni, nikapakia nikaondoka. Mzee mwenyewe sikumwona."

Sasa ngoja niwaonyeshe akili yangu inavyofanya kazi. Mzee hatuandikii tena, na yeye hakuwahi kuruka hata siku moja. Mzee haonekani. Ghalani kuna turubai. Mbili na mbili nikapata nne.

Kufikia saa sita mchana ofisi nzima ilijua Mzee Boksi amefariki.

Karani wa utumishi aliuliza, "Nani amethibitisha?"

"Redio kasema," wakamjibu. Naye akaandika.

Nililia kweli. Siwezi kuwadanganya, nililia mpaka Mama Chai akanipepea na sinia. Halafu nikafanya ninachokiweza. Nikanunua kadi kubwa nyeupe yenye maua, nikaandika maneno mazuri kwa mwandiko wangu wa kupendeza, nikaipitisha meza kwa meza. Sahihi thelathini na moja. Karani akanitolea anwani ya mke kwenye faili lake, hospitali ile ile, na namba ya wodi. Nikaituma siku hiyo hiyo.

Nilijiona mtu mwema sana.

Halafu mambo yakaanza kuwa ya ajabu.

Maboksi yaliendelea kuja.

Unajaza fomu leo, kesho boksi hili hapa, limefungwa kamba vizuri, na lebo imeandikwa kwa mkono. Ule mwandiko wa kulala kulia, wenye herufi ndefu. Mwandiko wa marehemu.

"Nani yuko ghalani sasa?" nikamuuliza karani.

"Si Bosi ameweka mtu?"

Nikamuuliza Bosi. "Si karani amepeleka mtu?"

Nikamuuliza dereva. Akakuna shingo. "Dada, mimi nakuta maboksi mlangoni. Watu sijawaona. Na mimi siku hizi siendi kuwatafuta."

Ofisi ikaingia ubaridi. Mhasibu akaacha kabisa kujaza fomu. Fomu inaondoka hapa, inajichapa kule kwenye jengo tunalojua halina mtu hai, na boksi linakuja. Watu wakawa wanagusa maboksi kwa ncha za vidole.

Kisha simu.

Saa nne asubuhi, jua linawaka, mapokezi yamejaa wageni. Nikainua mkono wa simu. Inakwaruza. Na ndani ya kukwaruza, sauti ile ile, ya taratibu.

"Mwanangu. Ni mimi wa ghalani."

Nikaitupa simu kama kaa la moto.

Alipiga tena kesho yake. Na keshokutwa. Mara zote tatu nilikata, na mara zote tatu nilizunguka ofisi nzima nikiwahadithia marehemu amepiga, amesema nini, kwa sauti gani. Nisiwafiche, ndani ya ile hofu kulikuwa na utamu kidogo. Watu walikuwa wananisikiliza vizuri mno.

Ndipo ikafika ile saa tano.

Alikuwa amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Mkono mmoja kofia, mkono mwingine funguo za ghala. Mama Chai alipomwona aliacha sinia likaenda lilikokwenda.

"Samahani mwanangu," akarudia. "Nauliza tu. Kwenye rekodi zenu mimi nimekufa?"

Watu walianza kutokeza milangoni.

"Shemeji yangu anayemuuguza mke wangu amenipigia simu," akasema. "Mama watoto wangu amepokea kadi. Shemeji alikuwa ametoka kufuata maji, akarudi akakuta ameshaisoma peke yake. Nimeongea naye kwenye simu, nikamwambia ni mimi, niko hai. Akaniambia, 'Tangu nipate kadi nakusikia kila siku, mume wangu, usijisumbue.'"

Karani wa utumishi akarudi nyuma hatua moja.

"Upasuaji ameukataa. Anasema aende kufanya nini." Akaziweka funguo kwenye kaunta yangu, taratibu. "Miaka yote sijawahi kutoka ghalani bila ruhusa. Lakini nikafikiri, kama nimekufa, marehemu hahitaji ruhusa. Nimemwaga ndoo alfajiri. Naomba mtu wa kumkabidhi."

Na ule msiba? Ulikuwa uwanja wa jirani, kwa muuza mbao, hatua chache tu kutoka mlango wa ghala. Mzee mwenyewe alikuwa amekwenda kuwasaidia kupanga viti.

Fundi ndiye aliyeelewa kwanza. Akaja upande wangu wa kaunta, akafungua orodha yangu, akashuka, akashuka, akasimama. Kidole juu ya kioo. Herufi tatu na namba nane. Wa kwanza kabisa kukataliwa, chini ya wote.

Akamtoa. Akarudisha zilizohifadhiwa.

Barua arobaini na saba zikamwagika kwenye sanduku langu, moja baada ya nyingine, mbele ya watu wote.

"Naomba kukumbusha ombi langu."

"Alhamisi imepita. Daktari amekubali kusogeza hadi wiki ijayo. Naomba siku mbili badala ya tatu."

"Labda niliandika vibaya. Naandika upya."

"Nimeongea na binti wa mapokezi, amesema nitajibiwa. Namwamini, ni mtoto mwenye roho nzuri."

"Daktari amesogeza tena. Naomba siku moja."

"Simu inakatwa. Sijui nimewakosea nini. Kama ni zile habari za panya, nisameheni, sitaandika tena."

Hapo Bosi aliziba uso kwa viganja.

Wengine wakaanza kukimbilia kompyuta zao, kila mmoja anamtoa kwenye orodha yake. Thelathini na mmoja tulipewa machujio thelathini na moja ya kujichujia wenyewe, na wote tukamkataa mtu mmoja kwa kidole kimoja. Changu.

Fundi akachukua funguo, akaenda ghalani kumwaga ndoo. Bosi akatoa gari lake. Akanigeukia mimi.

"Redio, panda. Kadi uliiandika wewe, ukaifute wewe."

Safari ya saa nne. Mzee Boksi alikaa mbele, mgongo wima, kofia magotini. Hakunilaumu hata kwa kukohoa. Mara moja tu aligeuka, akaniuliza kama nimekula.

Mimi nyuma nilikuwa napanga maneno. Nitapiga magoti. Nitamwambia, mama, mumeo huyu hapa, mshike, ana joto, ni mimi mjinga wa mapokezi niliyekuletea uongo. Nitaichana kadi mbele yake. Ataingia chumba cha upasuaji kesho. Nilishaipanga mpaka mwisho wake mzuri.

Wodi ilikuwa na vitanda sita. Cha kwake cha dirishani. Kadi yangu imesimamishwa pembeni ya glasi ya maji, maua yake yanatazama mlango.

Mama alikuwa amekonda, amekwisha. Shuka lilikuwa karibu tambarare. Lakini macho yalikuwa hai, na yalipomwona Mzee Boksi mlangoni hayakushtuka. Yalitabasamu.

"Umekuja kunichukua," akasema. "Umechelewa, nilishajiandaa."

"Mama watoto, niko hai. Walikosea. Nishike."

Akamshika mkono, akaupapasa kidole kwa kidole kama anakagua kitambaa. "Kumbe mnakuwa na joto," akasema kwa mshangao mdogo. Shemeji mtu aligeukia ukuta.

Nikapiga magoti. Nikashika ukingo wa kitanda.

"Mama, ni mimi niliyeandika ile kadi. Ni makosa yangu. Huyu hajafa, wallahi hajafa, mtazame. Ni mimi."

Akanitazama kwa muda mrefu. Kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto wa watu aliyepotea. Kisha akamgeukia mumewe, akamuuliza kwa sauti ya chini, ili nisisikie vibaya:

"Na huyu naye amekufa lini?"

Alifariki saa kumi na mbili jioni, kichwa kikiwa mkononi mwa mumewe. Daktari alisema hata upasuaji ungefanyika siku ile isingesaidia, ulitakiwa zile wiki za mwanzo. Alisema kwa upole, hakujua anamwambia nani.

Mzee Boksi alimzika, siku ya nne akarudi ghalani. Maboksi yanakuja kama kawaida, kamba nzuri, mwandiko wa kulala kulia. Barua haandiki tena. Nimemweka kwenye Ruhusu, wa kwanza, peke yake. Kila asubuhi mimi ndiye namwandikia, tumeamkaje huku mjini, ndoo ikoje, panya wangapi. Fundi ameniambia zinafika. Hajajibu hata moja.

Nami lile swali la mkewe haliniachi. Kuna asubuhi nimekaa mapokezi, wageni wanapita, wananisalimia, naitikia, na ndani najiuliza. Huyu naye alikufa lini? Nadhani ilikuwa ile Jumatatu, ukumbini, watu wanacheka.

Ndugu zangu, kupewa uamuzi wa nani akufikie na nani asikufikie ni jambo jema, silipingi. Lakini ukishapewa uamuzi, uamue mwenyewe. Usiazime hasira za mwenzio, usibandike orodha usiyoisoma. Ifungue leo, ipitie mstari kwa mstari.

Na mtu wako akikaa kimya ghafla, usituulize sisi wa mapokezi amepatwa na nini. Tutakujibu. Sisi jibu hatukosi. Nenda mwenyewe ukamgongee mlango.